Dada Atupele na Chumba Chenye Moto

Vijana wenzangu wa kazi,

Siku mliyoniaga mlisema mengi mazuri. Mawili matatu nilitaka kusimama niyakanushe, ila keki ilikuwa imeshakatwa na mwenye kisu alikuwa na haraka. Mlisema mimi ndiye niliyewafundisha kutandika kitanda na kukagua chumba. Hilo nalikubali, tena bila kuona haya. Hakuna nyumba ya wageni hapa Sumbawanga inayotandika kama sisi, na anayebisha aje tushindane. Lakini mmoja wenu akaongeza kwamba utaratibu ule wote niliubuni mwenyewe. Hapo nilinyamaza, na kunyamaza ni jambo ambalo niliwahi kuapa sitalirudia kwenye kikao cha kazi.

Sasa nina wiki ya tatu nyumbani Malangali. Maharage nimeshapalilia, kuku wameshanizoea, na daftari nimenunua. Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyote viwili vilikuwa na tabia ya kuchelewa. Cheo kimoja tu nitakitaja, kwa sababu sikukipata kwa haki, na aliyevuliwa ili nivikwe mimi ndiye ninayetaka mumfahamu. Aliitwa Atupele. Mimi nilimwita Dada Atu.

Nilianza kazi mwezi wa saba, nikiwa na miaka kumi na minane. Nilitoka kwetu Mollo kwa miguu, nimevaa sweta la kaka yangu, upepo ukinikata masikio kama mnavyoujua upepo wetu wa mwezi huo. Baba alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, Mkatoliki wa kwenda misa hata siku za kazi, na aliamini hoteli ni mahali watu wanapokwenda kupoteza imani. Padri ndiye aliyemtuliza. Alimwambia hata mapadri wakisafiri hulala mahali, na mahali hapo lazima pawe na mtu wa kufua mashuka.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya serikali, vyumba kumi na vinne, jengo la matofali ya kuchoma lililoachwa na wakoloni. Mkoa wetu ulikuwa bado mpya, na wageni walikuwa wengi kuliko vitanda. Walikuja mabwana shamba, walimu waliohamishwa, makarani, viongozi wa vijiji vya ujamaa waliofuata mbegu na mabati. Meneja alinipokea, akasoma barua yangu, akanipeleka hadi kwenye korido na kuniacha mbele ya mwanamke mrefu aliyevaa gauni la kijani na kitambaa cheupe kichwani. Kiunoni alikuwa amefunga shada la funguo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Skolastika."

"Jina lote hilo nitalimaliza lini? Utakuwa Skola. Ingia chumba cha tano, fagia, piga deki, tandika. Ukimaliza niite."

Nilifanya kazi ile kwa nguvu zangu zote. Nilipomwita, alisimama mlangoni, akatazama kitanda. Kisha akaniambia nivue viatu.

"Panda ulale."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Nilale, dada?"

"Ulale chali. Haya."

Nikalala, nimejikaza kama ubao, namwomba Mungu baba asipite dirishani.

"Sasa niambie unaona nini."

"Naona dari."

"Darini kuna nini?"

Kulikuwa na utando wa buibui wa ukubwa wa kofia. Kivuli cha taa kilikuwa safi kwa juu na kwa chini kilikuwa na wadudu waliokufa. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ilining'inia soksi moja ya mgeni aliyeondoka. Nilivitaja vyote, sauti ikizidi kupungua.

"Umesafisha chumba cha mtu anayesimama," akasema. "Mgeni amekuja kulala. Anza upya."

Ndivyo alivyokuwa. Hakupandisha sauti, na hakukusaidia mpaka umekosea mara mbili. Ukishakosea mara mbili, alikunja mikono ya gauni akafanya na wewe mpaka mwisho, hata kama zamu yake imekwisha.

Kwao kulikuwa Tukuyu. Alikuja huku kwa ajili ya mumewe, aliyekuwa karani katika ofisi ya mkoa. Alikuwa amenizidi miaka kumi na mbili hivi. Alikuwa Mmoraviani, mimi Mkatoliki, na alinitania kwamba sisi tunapiga magoti mara nyingi kiasi kwamba tungekuwa hodari wa kupiga deki kuliko nilivyo mimi. Kiswahili changu kilikuwa kimejaa Kifipa, na wageni wengine walicheka nikiongea. Siku moja nilijificha stoo nikilia kwa ajili hiyo. Akanifuata.

"Mimi nimekaa mjini miaka kumi," akaniambia, "na mpaka leo nikikasirika herufi zangu zinarudi Tukuyu zenyewe. Hao wanaokucheka umewasikia wakijaribu Kifipa?"

"Hapana."

"Basi. Futa macho, chumba cha tisa hakina maji."

Tulikula pamoja kila mchana. Alikuwa akiusema vibaya ugali wa ulezi kwa mwaka mzima, anadai unafanana na udongo wa kukandikia nyumba, huku akiumaliza. Mwishowe akaanza kuniuliza kama mama amesaga mwingine.

Ninyi mnafanya kazi na mashine, kwa hiyo niwaeleze kidogo tulivyokuwa tunafanya. Maji ya kuoga tuliyachemsha nyuma ya jiko kwenye pipa, tukayabeba kwa ndoo mlango kwa mlango. Pasi ilikuwa ya mkaa. Dada Atu alinifundisha kuitoa nje kwanza, kuipunga upepo mara tatu majivu yaruke, kisha kuipitisha juu ya kitambaa kibovu kabla haijagusa shuka jeupe. Sabuni ilikuwa shida nchi nzima. Ilipokosekana tulichuja maji ya majivu tukafulia hayo, na mikono yangu ilipasuka kama ya fundi matofali. Mashuka mapya yalikuja kwa kibali, na kibali kilikuja kikipenda. Shuka lililochakaa katikati alilichana kwa urefu, akageuza kingo za nje zikakutana katikati, akashona, likaishi miaka miwili mingine. Mshono wake ulikuwa laini hata mgeni asiusikie mgongoni. Mshono wangu mgeni mmoja aliuita reli.

Chumba cha kwanza kilikuwa tofauti na vingine vyote. Kilikuwa na mahali pa kuwashia moto ukutani, penye dohani, na blanketi mbili za sufu ambazo hazikuwahi kwenda chumba kingine. Kilitunzwa kwa ajili ya wakubwa. Ufunguo wake ulikaa kwenye shada la Dada Atu, na amri ya Meneja ilikuwa kwamba hakifunguliwi bila yeye kusema.

Mwaka wangu wa tatu, masika yalikuja kwa hasira. Barabara ya kutoka Tunduma ilikatika, na basi moja likazama kwenye tope huko njiani. Abiria walikaa na mvua siku nzima mpaka trekta la kijiji likawachukua kwenye tela na kuwaleta mjini. Walitufikia saa kumi alasiri, watu zaidi ya thelathini, matope mpaka kwenye kope. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa isipokuwa kile cha kwanza. Tuliwalaza kwenye chumba cha kulia chakula, juu ya sakafu ya sementi, kwa mikeka, magunia na mapazia tuliyoyashusha madirishani. Meneja aliondoka na gari kwenda kutafuta unga, maana jikoni kulikuwa na chakula cha wageni kumi na wanne tu.

Katika abiria wale kulikuwa na mama mmoja mwenye pacha wa mwezi mmoja. Nguo zake zilikuwa zinatiririka. Dada Atu alimchukua mtoto mmoja, akamshika miguu, akamsikiliza, kisha akanipa mimi.

"Mguse."

Alikuwa wa baridi kama samaki. Mwenzake alikuwa analia kwa nguvu. Huyu alikuwa ameacha kulia. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Tumpeleke jikoni?" nikauliza.

"Jikoni moshi umejaa na mlango hautulii. Mgeni wa chumba cha kwanza anakuja lini?"

"Meneja alisema keshokutwa."

Alitazama mvua nje. Najua alipiga hesabu, kwa sababu midomo yake ilicheza. Kisha akafungua shada la funguo kiunoni.

"Lete kuni kavu. Na magazeti. Haraka, Skola."

Alifungua yeye. Moto niliuwasha mimi, kwa mikono hii. Tulimvua mama nguo zake tukamfunika kwa blanketi ya sufu, tukawaweka watoto kifuani kwake ngozi kwa ngozi, na mimi nikakaa chini nikichochea moto. Ilipita muda ambao mpaka leo siwezi kusema ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha yule mtoto akakunja uso, akatoa sauti ndogo kama ya paka, na baada ya hapo akalia kilio cha kweli. Dada Atu alikaa kitandani, akacheka, huku machozi yanamtoka.

"Anatutukana," akasema. "Mwache atutukane."

Kesho yake asubuhi mvua ilikatika, anga likawa jeupe, na mgeni mkubwa akaja siku moja kabla, kwa ndege ndogo. Saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni pa chumba cha kwanza na msaidizi wake na Meneja. Meneja alifungua. Mama alikuwa amekaa kitandani ananyonyesha, blanketi moja imekojolewa, nepi zimeanikwa mbele ya moto.

Yule mkubwa mwenyewe alirudisha mlango polepole, akaenda kukaa kwenye chumba cha kulia katikati ya abiria, akaomba chai. Aliinywa bila sukari kama kila mtu. Msaidizi wake ndiye aliyesimama kwenye korido akimuuliza Meneja, kwa sauti ya kusikika na wote, hapa pana utaratibu gani. Meneja wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na siku ile alitetemeka mbele yangu mpaka nikamwonea huruma. Huruma hiyo iliniisha siku tatu baadaye, mgeni alipokwisha kuondoka.

Meneja alituita wafanyakazi wote wa vyumba ofisini kwake, watu sita. Tulisimama mstari mmoja.

"Nani alifungua chumba cha kwanza?"

"Mimi," akasema Dada Atu.

"Uliniuliza?"

"Hukuwepo, Ndugu Meneja. Na mtoto alikuwa anakufa."

"Nani mwingine alihusika?"

Nilikuwa nimesimama upande wake wa kushoto. Bega langu lilikuwa linagusa lake. Nilijua jibu, na jibu lilikuwa limeshafika kooni. Nikafikiria baba, nikafikiria ada za wadogo zangu, nikafikiria safari ya kurudi Mollo nikiwa sina kazi, watu wakichungulia milangoni. Nikatazama sakafu. Sakafu ilikuwa imepigwa deki vizuri, niliipiga mwenyewe.

"Nimeuliza, nani mwingine?"

"Nilikuwa peke yangu," akasema Dada Atu.

Aliondolewa usimamizi siku ile ile, akapelekwa kwenye banda la kufulia. Meneja akalichukua shada la funguo, akatutazama mmoja mmoja, akanikabidhi mimi. Alisema mimi nimefundishwa vizuri. Nililipokea. Nililifunga kiunoni hapo hapo mbele yake, na lilikuwa bado na joto la mwili wa Dada Atu.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote katika maisha yangu ya kazi, nami nimewahi kufanya kazi wakati kipindupindu kimefunga mji. Sikwenda banda la kufulia hata mara moja. Nilichotaka kumwambia nilimtuma mtu, kama vile mtu asiye na miguu. Mashuka yalirudi kutoka kwake yamekunjwa sawasawa, pembe juu ya pembe, foronya zimehesabiwa, hakuna hata moja iliyokuwa na lawama ndani yake. Hilo lilinichoma zaidi. Mchana nilikula nimesimama stoo. Zamu nilizipanga ovyo, nikamweka mtu mmoja kazini mara mbili siku moja na kumsahau mwingine kabisa. Wenzangu waliniita Bi Funguo nikiwapa mgongo.

Siku moja mchana Dada Atu alikuja mwenyewe. Nilikuwa chumba cha tatu nahesabu taulo. Aliingia na mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, akafunga mlango.

"Wiki tatu hujanisalimia, Skola."

Nikaanza kulia. Hakunizuia, wala hakunishika. Alisubiri.

"Ungesema," nikamwambia, "ungesema tu kwamba tulikuwa wawili. Mbona ulinificha?"

"Wangetuondoa wawili, na vyumba angebaki navyo nani? Nilifikiria hilo kabla hajamaliza kuuliza."

"Mimi sikufikiria chochote. Niliogopa."

"Najua. Nilikuwa nakusikia unavyopumua." Alijifuta mikono kwenye gauni. "Nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Iliniuma. Nilikwisha amua kukukatalia hata kama ungesema. Ningesema huyu anajipendekeza, hajui kitu, mwacheni. Lakini nilitaka useme. Nilisubiri useme."

Alikaa kwenye kiti cha mgeni, akatazama taulo zangu.

"Umehesabu ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Zipo ishirini na nne. Mbili umezikalia." Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Uje bandani kila siku wakati wa chai. Zamu unazopanga ni aibu yangu, si yako. Watu watasema sikukufundisha."

Nikaenda. Kila siku saa nne nilikaa juu ya karai lililogeuzwa, yeye anafua, mimi nauliza. Alinifundisha jinsi ya kupanga watu: aliyefiwa usimpe vyumba vya mwisho wa korido atakakokaa peke yake, wakigombana wawili usiwatenganishe haraka, na anayekuja amelewa mpe kazi ya kubeba maji ya moto mara moja tu, hatarudia. Alinifundisha jinsi ya kumwambia mgeni mkubwa hapana bila yeye kulisikia neno hapana. Mwezi mmoja ule alinifundisha kuliko miaka mitatu, na wote mliopitia mikononi mwangu mlifundishwa kutoka kwenye karai lile.

Kadiri nilivyojua kazi, ndivyo nilivyozidi kushindwa kuzibeba funguo zile. Ilipokaribia Mei Mosi, tulikutana wafanyakazi wote kuchagua mfanyakazi bora. Zawadi ilikuwa kitenge na cheti. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mpishi wetu, Kasiani, mtu mnene wa Laela aliyependa vikao vifupi kwa sababu ya sufuria. Meneja alisimama akanipendekeza mimi. Alisema nimeshika madaraka katika kipindi kigumu. Watu wakapiga makofi ya heshima, yale ya vidole. Dada Atu alikuwa kiti cha nyuma, karibu na mlango, na yeye alipiga makofi ya kweli.

Nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, siwezi kupokea."

"Usiwe na aibu, Skolastika," akasema Kasiani. "Kaa tumalize."

"Si aibu. Siku ile chumba cha kwanza tulikifungua wawili. Dada Atupele alifungua mlango, moto nikawasha mimi. Nilipoulizwa, nilinyamaza. Yeye amepelekwa kufua, mimi nimepewa funguo zake."

"Kaa chini, Skolastika," akasema Meneja.

"Nitakaa nikimaliza, Ndugu Meneja."

Hata mimi nilishangaa kusikia hivyo.

"Unataka nini sasa?" akauliza. "Jambo lilikwisha hilo."

"Nataka iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba tulikuwa wawili. Na mtoto yule yu hai. Hilo nalo liandikwe." Nikafungua shada kiunoni, nikaliweka mezani mbele ya Kasiani, nikakaa.

Kasiani aliliangalia shada, akamwangalia Meneja, akamwangalia katibu. "Andika," akasema. Katibu akaandika. Sufuria ziliungua siku ile, na hakuna aliyelalamika.

Sikufukuzwa. Kamati ilisimama nami, na Meneja hakutaka kelele zaidi. Lakini alikuwa mtu wa kutunza heshima yake. Funguo alimpa kijana mmoja wa mapokezi, na mimi nikapelekwa kufua. Nilipofika bandani kesho yake, Dada Atu alikuwa anaanika. Hakugeuka.

"Mpumbavu wewe," akasema kutoka upande wa pili wa shuka. "Sasa nani atakagua vyumba?"

"Sijui."

"Sijui! Kitenge chenyewe kilikuwa kizuri, nilikiona." Sauti yake ikakatika. Akabaki nyuma ya lile shuka kitambo, nami nikamwacha. Alipotoka, alinipa upande mmoja wa shuka lililolowa, yeye akashika wa pili, tukalikamua, yeye akizungusha kulia na mimi kushoto, maji yakitumwagikia miguuni.

Tulifua pamoja miezi mitano. Mkiniuliza ni kipindi gani cha kazi yangu ningekirudia, nitajibu hicho. Kipupwe kile mashuka yalikakamaa kwenye kamba kama mbao, na mbuzi wa jirani alikula foronya moja yote isipokuwa vifungo. Tuliandika ripoti rasmi ya mbuzi yule, yenye nakala tatu. Huko ndani vyumba vilikwenda kombo. Wageni walianza kuja bandani wenyewe kuomba taulo.

Meneja alihamishwa mwezi wa tisa. Aliyekuja alikuwa kijana kutoka Mbeya, mtu wa maneno machache. Wiki ya kwanza hakuitisha kikao; alilala kila siku chumba tofauti. Alipomaliza vyumba saba alikuja bandani, akatusalimu kwa heshima, akauliza nani alikuwa anasimamia vyumba zamani. Nilinyoosha kidole kabla hajamaliza kuuliza. Dada Atu alirudishiwa funguo siku hiyo, akanichagua mimi kuwa msaidizi wake, na jambo la kwanza tulilofanya ni kushusha mapazia yote kumi na manne tukayafua.

Tulikuwa naye mwaka mmoja na nusu zaidi. Kisha mumewe akapewa uhamisho wa kwenda Tabora. Siku yake ya mwisho, lori la kubeba vyombo likiwa linanguruma uani na mumewe akitazama saa, alinikagua vyumba vyote, kimoja baada ya kingine. Viwili alivikataa. Nilivirudia huku dereva anapiga honi. Ndipo akanipa funguo mbele ya wenzetu wote, akanikumbatia, akapanda lori. Tuliandikiana barua miaka mingi, na katika kila barua aliuliza habari za ulezi.

Alifariki Tukuyu, akiwa bibi mwenye wajukuu, miaka kadhaa kabla sijastaafu. Nilipata habari kwa simu, nikapanda basi, nikafika siku ya pili ya msiba. Nilijiunga na wanawake waliokuwa nyuma ya nyumba wakisugua sufuria. Aliyekuwa karibu nami alikuwa binti yake, Neema, mwanamke mzima mwenye mabega ya mama yake.

"Wewe ndiye Mama Skola wa Sumbawanga?" akaniuliza. "Mama alikuwa anatusimulia kila mara. Alisema alikuwa na rafiki aliyesimama kikaoni akamjibu meneja, akarudisha funguo na kukataa kitenge. Tukiogopa kitu shuleni, alikuwa anatuambia habari zako."

"Alisema na kilichotokea kabla ya hapo?"

"Kipi?"

Nikaelewa kwamba hakuwaambia. Miaka yote ile aliwasimulia watoto wake nilivyosimama, na nilivyonyamaza hakuwahi kutaja. Basi nikaweka chini sufuria, nikamweleza mimi mwenyewe: ofisi ya Meneja, mstari wa watu sita, bega langu na bega la mama yake, sakafu niliyoitazama. Nilimwambia na zile wiki tatu. Wanawake wengine waliacha kusugua wakasikiliza.

Neema alijifuta mikono kwenye kanga.

"Kwa hiyo mama alitudanganya," akasema.

"Hakuwadanganya," nikamwambia. "Alikunja shuka, upande wenye doa akauweka ndani."

Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akanisogelea, akaniegemea. Kisha akanisukumia karai la maji safi, tukaendelea na sufuria zilizobaki, maana waombolezaji walikuwa wengi na chakula cha mchana kilikuwa hakijapikwa.